Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Mbegu za Mpunga: Tazameni Hesabu Yetu Kabla ya Kutuita Wabishi

Kwenu waheshimiwa watafiti wa mpunga, maafisa ugani, na ninyi mnaopanga sera za mbegu na pembejeo nchini Tanzania,

Nawaandikia kutoka Bonde la Usangu, wilayani Mbarali. Nalima ekari mbili za mpunga, moja ya urithi na nyingine ya kukodi. Kabla ya kushika jembe kwa dhati nilikuwa mama ntilie kando ya barabara kuu iendayo Mbeya, hivyo mpunga naujua tangu ukiwa kitaluni hadi ukiwa wali kwenye sahani ya mteja.

Barua hii nimeibeba kifuani kwa muda mrefu. Iliyonifanya niiandike ni semina moja tuliyoitiwa kabla ya msimu. Mtaalamu aliyesimama mbele yetu alitumia karibu saa nzima kutueleza kwamba sisi ni wabishi, kwamba tumeletewa mbegu bora na bado tunang'ang'ania Supa, mpunga wa kunukia wa wazee wetu. Tulikaa kimya kwa adabu. Wazee wenye mvi walioinua watoto na kuwasomesha kwa mpunga huo waliinamisha vichwa kama wanafunzi waliokosa. Nami nilinyamaza siku ile. Leo nasema, na nitayapanga kwa namba. Mniwie radhi pale nitakapokuwa mkali.

1. Mbegu zenu hatukuzikataa.

SARO 5, ile mnayoiandika vitabuni kama TXD 306, ilitoka kwenye utafiti wa Ifakara mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ni fupi, inasimama imara, inakula mbolea na kuilipa. Ilipofika penye maji ya uhakika haikuhitaji semina. Mtu alimwomba jirani kilo mbili tatu za mbegu, akazifunga kwenye kitambaa, msimu uliofuata jaruba lake likawa la Saro. Kule Moshi Chini, mbegu za IR zilizoletwa na mradi wa umwagiliaji wa miaka ya 1980 wakulima walizichukua na kuzifanya zao, kwa sababu mfereji ulikuwepo na mavuno yalilipa.

Njooni mtembee kwenye mfereji mmoja wa huku kwetu, kuanzia kwenye banio hadi mwisho. Mtakuta mtu yuleyule ana Saro kwenye jaruba la juu, maji yanakofika mapema, na ana Supa kwenye jaruba la chini, ambako maji hufika wiki kadhaa baadaye, au yasifike. Kama ni ubishi, basi ni ubishi wa ajabu unaoanzia katikati ya mfereji. Mtu huyo anafanya uchaguzi, tena kwa akili ya kutosha. Na Usangu ya leo si ile ya babu zetu. Tangu miaka ya 1990 mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi huko chini, na kila mwaka mazungumzo juu ya nani afunguliwe maji na nani afungiwe yanazidi kuwa makali. Asiyejua kama maji yake yatafika hawezi kuchagua mbegu kama anayelala karibu na banio.

Ndugu zetu wa bonde la Kilombero nao wana yao. Kule shida si maji kukosekana, ni maji kujaa. Mbegu fupi mafuriko yanaifunika, ile ndefu ya kienyeji inanyanyua kichwa. Sikilizeni hata majina waliyozipa mbegu zao: Wahiwahi, Kisegese, Mbawambili, Shingo ya Mwali, Tule na Bwana. Wahiwahi inawahi, jina lenyewe limeshakwambia kwa nini mtu anaitunza. Kabla hamjaandika kwamba mbegu hizo zimepitwa na wakati, ulizeni kila moja ilikuwa inatatua shida gani ya nyumbani.

2. Ninyi mnahesabu magunia, sisi tunahesabu kinachobaki.

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo tunapopotezana. Mabango ya mashamba ya mfano huandika tani kwa hekta. Sijawahi kuona bango lililoandika shilingi kwa ekari baada ya gharama na deni.

Tuchukue ekari moja. Namba hizi nimezichagua ili kurahisisha hesabu, na kila bonde lina zake. Tuseme Supa imetoa magunia 15 na gunia limeuzwa shilingi 110,000. Hizo ni shilingi 1,650,000. Tuseme Saro imetoa magunia 24 na gunia limeuzwa shilingi 85,000, kwa sababu mnunuzi wa mjini anataka harufu na Saro inanukia kiasi tu. Hizo ni shilingi 2,040,000. Saro imeshinda kwa shilingi 390,000, na karatasi zenu huishia hapo.

Sasa endeleeni nami. Ili Saro itoe magunia 24 imetaka mifuko mitatu ya mbolea, shilingi 210,000. Imetaka mbegu ya kununua, shilingi 40,000. Imetaka vibarua wa kupandikiza kwa mistari na palizi ya ziada, shilingi 70,000. Yale magunia tisa yaliyozidi nayo yamevunwa, yamepigwa, yameshonwa na kusombwa hadi barabarani, tuseme kwa shilingi 6,000 kila moja, jumla 54,000. Ukijumlisha unapata 374,000. Katika ule ushindi wa shilingi 390,000 imebaki 16,000.

Na fedha ya mbolea sikuwa nayo Januari. Niliikopa. Hata mtu akinihurumia, akanikopesha 250,000 ya mbolea na mbegu kwa riba ya asilimia kumi tu, riba ni 25,000. Ile 16,000 imekwisha na nadaiwa. Halafu ongezeni mwaka wa ukame. Mwenye Supa asiye na mbolea akikosa maji amepoteza jasho lake na kodi ya shamba. Mwenye Saro amepoteza hayo yote, na deni la mbolea linamngoja mlangoni.

Lakini geuzeni jambo moja tu. Tuseme tofauti ya bei kati ya Supa na Saro imeshuka kutoka shilingi 25,000 hadi 10,000 kwa gunia. Saro kwa 100,000 inaleta 2,400,000, na baada ya gharama zile zile inaizidi Supa kwa 376,000. Hapo hata mimi nitapanda Saro ekari zote mbili, na wala hamtahitaji kutuita semina. Kinachoamua mbegu yangu, kwa hiyo, ni ile tofauti ya bei, na ninyi hamjawahi kuileta mezani.

3. Bei ya mbegu moja moja haitangazwi.

Taarifa za bei ninazozisikia redioni husema "mchele", bei ya chini na bei ya juu. Mchele gani? Sokoni hakuna kitu kinachoitwa mchele tu. Mnunuzi akija hapa anatia mkono kwenye gunia, anasugua punje kiganjani, anapuliza pumba, ananusa, anatafuna moja. Kwa muda wa kuhesabu hadi kumi ameshajua ni Supa, ni Saro au ni mchanganyiko, na ameshapanga bei. Anayejua bei ya kila mbegu ni yeye peke yake. Mimi naijua siku ya kuuza, miezi sita baada ya kuchagua mbegu.

Ninaposema harufu ina bei, si hadithi. Kwenye sufuria zangu za ntilie nilijifunza kwamba kuna wateja wa aina mbili. Dereva wa lori mwenye njaa anataka sahani iliyojaa. Kwake unapika mchele unaovimba, na Saro haikuniangusha. Mwenye shughuli, harusi au hitima, anataka pilau inayonukia hadi barabarani na punje zisizoshikana, naye halipi shilingi kwa mchele usionukia. Wote wawili ni soko halali. Wenzetu wa Mwea, Kenya, wameshikilia Basmati 370, wanayoiita Pishori, ingawa zipo mbegu zinazoizidi mavuno kwa mbali, kwa sababu soko lao linailipa harufu ile.

Halafu jina linaibiwa. Kyela ni wilaya moja, lakini katika maduka ya Dar es Salaam karibu kila mchele mzuri ni "wa Kyela". Supa inachanganywa na mchele wa bei ya chini na kuuzwa kwa jina la Supa. Mchanganyaji anapata bei ya harufu kwa mchele usio na harufu, na mlaji akishadanganywa mara tatu anaacha kulipia jina. Hasara hiyo inarudi hadi jarubani kwangu.

Juu ya yote, bei yenyewe inaweza kuangushwa kwa kalamu. Mwaka 2013, mchele wa nje uliporuhusiwa kuingia bila ushuru, bei ya mpunga nchini ilianguka, ilhali kwa kawaida Afrika Mashariki inatoza mchele wa nje ushuru wa asilimia 75. Fikirieni aliyekopa mbolea msimu ule kwa kuamini mahubiri ya mavuno mengi. Aliyetumia fedha nyingi zaidi ndiye aliyeumia zaidi. Watu hawasahau mambo kama hayo upesi, na mkisikia mkulima anasema "mimi sitaki mbegu ya gharama", huenda mnasikia kumbukumbu.

4. Deni lina sauti kuliko afisa ugani.

Kati ya Januari na Machi, ndani ya nyumba nyingi za huku hakuna fedha. Ada zinadaiwa, palizi inadai vibarua, na mpunga uko shambani bado kijani. Ndipo anapokuja mtu na fedha taslimu, nawe unamuuzia magunia ambayo hayajatoa hata suke, kwa bei ya kukata tamaa. Nimewahi kukopa hivyo mara mbili. Mara zote mbili aliyenikopesha alitaja mbegu: alitaka alipwe kwa gunia la Supa. Tangu siku ile jaruba langu lilikuwa limeshachaguliwa. Hata malaika angeshuka na mbegu ya magunia 40 kwa ekari, mimi nilishaahidi Supa.

Na gunia lenyewe ni lumbesa, linashonewa kilemba juu. Anayeuza kwa gunia la lumbesa anatoa bure sehemu ya kile mlichomshawishi akizalishe. Mizani ikitumika, mbegu inayozaa kilo nyingi inapata nafasi ya kushindana. Isipotumika, kilo za ziada zinaishia kwenye kilemba.

5. Mbegu haichaguliwi na mtu mmoja.

Jambo hili ni fupi lakini wataalamu wengi hulisahau. Nikipanda mbegu inayokomaa wiki tatu kabla ya majirani, kwelea kwelea wote wa bonde ni wangu. Kuamia ndege kuanzia alfajiri hadi jua kuzama kunataka watu, na wanaoamia mara nyingi ni watoto ambao wangekuwa darasani. Kombaini nayo haiji kwa ekari moja iliyowahi, inakuja mpunga wa eneo zima ukikomaa. Mkiniletea mbegu mpya mimi peke yangu kama "mkulima wa mfano", mmenitenga na ulinzi wa wenzangu. Leteni kwa mfereji mzima.

6. Ruzuku ya mbolea inapendelea mbegu moja.

Naishukuru ruzuku iliyorudi msimu wa 2022/23, na nisingependa iondolewe. Lakini Supa ni ndefu. Ukiipa urea nyingi inarefuka, upepo wa mwisho wa masika unailaza, na mpunga uliolala majini unaota na kuoza. Kwa mwenye Supa, mfuko wa pili wa mbolea unaweza kuwa hasara. Maana yake fedha ya umma inayopita kwenye mbolea inamsaidia zaidi mwenye mbegu fupi na maji ya uhakika, na mwenye jaruba la mwisho wa mfereji anapata kidogo. Yeye angefaidika zaidi na mfereji uliosakafiwa, au ghala, au mkopo wa Februari usiodai magunia.

Hapo ndipo ninapowageukia watafiti, na nasema hili kwa mapenzi. Kwa nini tulazimishwe kuchagua kati ya harufu na mavuno? Zanzibar walikwishaonyesha njia: waliichukua Supa, wakaitengenezea mbegu mpya kwa mionzi, wakapata SUPA BC. Komboka, iliyoidhinishwa nchini mwaka 2013, ina harufu kiasi na inazaa vizuri. Kazi hiyo inawezekana, basi ifikishwe mwisho. Tunataka Supa iliyofupishwa shingo, inayosimama, inayokomaa mapema kidogo ili tutumie maji machache, na harufu yake isiguswe. Mkulima wa hapa angeilipia.

7. Mbegu bora haipatikani inapohitajika.

Mpunga hujichavusha wenyewe, ndiyo maana naweza kutunza mbegu yangu misimu kadhaa, tofauti na mahindi chotara. Kampuni haioni faida kubwa kumuuzia mtu anayenunua mara moja na kurudi baada ya miaka minne. Sisemi ni kosa lao. Nasema ndiyo sababu jukumu hili haliwezi kuachiwa duka la pembejeo. Mwaka juzi nilizunguka maduka ya miji miwili kutafuta mbegu safi ya Supa, nikaikosa, nikarudi kwenye gunia la nyumbani lililoingiliwa na punje nyekundu. Mnunuzi akiona punje nyekundu anakata bei. Mnasikitika kwamba tunapanda mbegu iliyochoka, nasi tunasikitika pamoja nanyi.

Sasa naomba, na naomba kwa niaba ya wengi waliokaa kimya siku ile ya semina.

Kwanza, kila shamba la mfano liwe na ubao wa gharama na bei, si wa tani peke yake. Andikeni kodi ya shamba, vibarua, mbolea, riba na bei ya gunia siku ya kuuza. Tena muweke jaruba moja la mfano mwisho wa mfereji, katika mwaka wa maji haba, na Supa isiyo na mbolea ipandwe pembeni yake. Mbegu yenu ikishinda hapo, imeshinda.

Pili, bei zitangazwe kwa jina la mbegu kila wiki, kuanzia masoko ya hapa kama Igurusi na Ubaruku hadi Dar es Salaam: Supa bei gani, Saro bei gani. Sioni kama jambo hili linahitaji mradi mkubwa. Mtu mwenye simu na daftari anaweza kulianza mwezi ujao.

Tatu, mizani iwepo kila panaponunuliwa mpunga, na jina la Kyela na jina la Supa yalindwe dhidi ya wachanganyaji.

Nne, vikundi vya wakulima vifundishwe kuzalisha mbegu za kuazimiwa ubora, na orodha yake iwe na Supa na mbegu nyingine za kunukia pamoja na Saro. Wakaguzi wafike kwa wakati. Mbegu ikizalishwa kwenye kata yetu nitaifuata kwa baiskeli.

Tano, uwepo mkopo wa palizi unaolipwa kwa fedha baada ya mavuno, pamoja na ghala ambamo mpunga wetu unaweza kusubiri bei. Mtakapofanya hivyo ndipo mtajua kwa hakika mkulima wa Usangu anapenda mbegu gani, kwa sababu kwa mara ya kwanza atakuwa anachagua yeye, wala si aliyemkopesha.

Sita, wakati wowote mnapotaka kufungua mlango kwa mchele wa nje, tuambiwe kabla hatujamwaga mbegu kitaluni.

Mwisho kuna ombi dogo. Njooni Juni, msije Februari. Februari kila kitu huku ni kijani na picha zinapendeza. Juni mtatukuta mashineni, vumbi la pumba hadi kwenye kope, tukikoboa, tukipepeta, tukitenga chenga, tukilipa madeni mbele ya watu. Kaeni nasi siku mbili hapo mkiwa na kalamu. Mtaalamu yule wa semina namkaribisha kwa namna ya pekee. Sina kinyongo naye, nitampikia wali wa Supa na wa Saro, aseme mwenyewe upi ni upi, kisha tuketi tupige hesabu.

Vitalu huku tunaanza kuviandaa mvua za kwanza zikigusa ardhi, mwishoni mwa mwaka. Majibu yenu yakifika kabla ya hapo yatatukuta bado hatujachagua mbegu.

Wenu katika kilimo,

Mkulima wa mpunga,
Bonde la Usangu, Mbarali